Mashine ya kwanza ya MIG: tuchague kwa akili, tuitunze pamoja



Mtu anayekimbia vita huacha shamba, nyumba na mifugo. Ufundi wa mikono yake hukimbia naye. Ndiyo maana katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri tunakutana na wababa, wamama na vijana waliohama, ambao kitu cha kwanza wanachotafuta katika kartie mpya ni kazi ya ufundi. Kazi ya vyuma ni mojawapo. Kila mahali watu wanahitaji milango, madirisha, vitanda, viti vya shule, mageti na matengenezo ya pikipiki na toroli.

Vikundi vingi vimeweka akiba kidogo kidogo katika MUSO au AVEC, halafu vinatuuliza: tukitaka kuanza karakana ndogo nyumbani, tununue mashine gani ya MIG? Ni swali zuri, na jibu lake lina uzito. Akiba ya mwaka mzima inaweza kutoka kwa siku moja. Mashine ikiwa mbaya, au ikiwa nzuri lakini haifai kwa umeme wa mahali petu, pesa zimepotea. Tena kinachovunjika mara nyingi si mashine peke yake. Waliohama wataanza kuwalaumu wenyeji, wenyeji watawalaumu waliohama, na wote watamlaumu mweka hazina. Kwa hiyo katika toleo hili tunaeleza namna ya kuchagua, na namna ya kupatana kabla ya kununua.

MIG ni nini?

Mafundi wengi wanajua kuchomelea kwa bageti, yaani fimbo ya chuma iliyopakwa unga mgumu. Bageti inayeyuka, fundi anasimama, anaweka nyingine. Mashine ya MIG haitumii bageti. Inatumia waya mwembamba uliozungushwa kwenye roli ndani ya mashine. Fundi akibonyeza kitufe kwenye mkono wa kuchomelea, waya unasukumwa wenyewe, unagusa chuma, unayeyuka na kufanya mshono. Gesi inatoka pamoja na waya ili hewa isiharibu mshono ukiwa bado moto.

Kwenye maboksi mtaona maandishi MIG/MAG, na wauzaji wengine wanaiita semi-otomatiki. Ni mashine ile ile. Tofauti ya herufi inatokana na aina ya gesi.

Faida yake ni hii: ni rahisi kujifunza, inafanya kazi haraka, na inafaa sana kwa chuma chembamba ambacho bageti hukitoboa. Hasara zake ni tatu. Inataka chuma kisafi, kisicho na kutu wala rangi. Ina vipuri vingi zaidi vya kuharibika. Na ikitumia gesi, haiwezi kufanya kazi kwenye upepo, kwa sababu upepo unaipeperusha gesi na mshono unajaa vitundu.

Maswali matatu kabla ya kwenda dukani

Swali la kwanza: tutafanya kazi gani?

Andikeni kwenye karatasi vitu kumi ambavyo watu wa kartie yenu wananunua kweli. Kisha pimeni unene wa chuma chake. Kwa makadirio, kila milimita moja ya chuma inahitaji karibu ampea 40. Bomba za mraba za viti, vitanda na madirisha mara nyingi zina unene wa milimita 1,2 hadi 2, kwa hiyo zinahitaji ampea 50 hadi 80. Chuma cha kona cha milimita 3 kinahitaji ampea 100 hadi 120. Mkiona kwamba kazi zenu nyingi ziko hapo, mashine ndogo ya MIG inawafaa.

Lakini kama kazi zenu nyingi ni chuma kinene chenye kutu, kama vile chasi za magari na vyuma vya madaraja madogo, tunawashauri mwanzie mashine ya bageti. Ni ya bei nafuu, ni rahisi kutengeneza, na inavumilia kutu zaidi. Msinunue MIG kwa sababu tu jirani anayo.

Swali la pili: tuna umeme gani?

Hapa ndipo vikundi vingi vinakosea. Umeme wetu ni wa volti 220, lakini jioni watu wote wakipika na kuwasha taa, volti hushuka. Hesabu ni hii. Ukichomelea kwa MIG kwa ampea 100, moto wa kuchomelea unatumia karibu volti 19. Zidisha, unapata wati 1.900. Mashine yenyewe inapoteza sehemu, kwa hiyo inavuta karibu wati 2.400 kutoka ukutani. Tena mashine ndogo za kisasa zinavuta umeme kwa kishindo, si kwa utulivu. Kwa sababu hiyo jenereta inapaswa kuwa na nguvu kuliko hesabu inavyoonyesha. Kwa kazi ya ampea 100 hadi 120 tunashauri jenereta ya kVA 5. Ile ndogo ya kVA 1, ya kuchajia simu na kuwasha televisheni, haiwezi. Wala kisanduku kidogo cha sola hakiwezi.

Kabla ya kununua, ombeni fundi umeme apime volti nyumbani kwenu asubuhi, mchana na jioni, kwa siku tatu. Mashine nyingi zinavumilia volti ikipanda au kushuka kwa asilimia 15, yaani kutoka volti 187 hadi 253. Kama kwenu jioni inashuka hadi 160, basi fanyeni kazi asubuhi, au tafuteni mashine iliyotengenezwa kwa volti ya chini. Waya wa kuleta umeme uwe wa milimita mraba 2,5 au zaidi. Nyaya nyembamba za taa hupata moto, na zikiachwa zimekunjwa kama kamba zinaweza kuwaka.

Swali la tatu: gesi itatoka wapi?

Kwa chuma cha kawaida, gesi inayotumika ni CO2, au mchanganyiko wa agoni na CO2. CO2 peke yake ni ya bei nafuu, ingawa inarusha cheche zaidi. Kilo 1 ya CO2 inatoa karibu lita 540 za gesi. Mkitumia lita 10 kwa dakika, mtungi wa kilo 10 unatosha saa 9 za moto mfululizo. Kwa karakana ndogo, hizo ni siku nyingi za kazi.

Swali gumu ni kuujaza tena. Ulizeni: mtungi huu unajazwa mji gani? Barabara ikifungwa, tutafanya nini? Mtungi ni wetu au wa kukodi? Tunajua vema kwamba barabara inaweza kufungwa usiku mmoja.

Kwa hiyo kuna njia nyingine. Kuna waya wenye unga ndani yake, ambao unatengeneza moshi wake wa kulinda mshono. Hauhitaji mtungi. Unafanya kazi nje hata kukiwa na upepo kidogo. Ubaya wake ni moshi mwingi, gamba la kugongagonga juu ya mshono, na bei kubwa kwa kilo. Pia hutoboa kwa urahisi chuma kilicho chini ya milimita 1,5. Lakini kwa kikundi ambacho hakina uhakika wa gesi, waya huu ni mkombozi.

Kusoma kibao cha mashine

Msisome rangi ya boksi. Someni kibao kidogo kilichobandikwa nyuma ya mashine. Haya ndiyo ya kutafuta:

1. Herufi X na asilimia zake. Hiki ni kipimo cha uvumilivu. Kinahesabiwa kwa dakika 10. Asilimia 20 maana yake unachomelea dakika 2, unapumzisha mashine dakika 8. Asilimia 60 maana yake dakika 6 za kazi na 4 za kupumzika. Mashine iliyoandikwa kwa maandishi makubwa "160" mara nyingi inatoa ampea 160 kwa asilimia 20 tu. Kwa asilimia 60 hutoa karibu 90. Hiyo 90 ndiyo nguvu yake ya kazi ya kila siku. Linganisheni mashine mbili kwa asilimia 60, msilinganishe namba kubwa za kwenye boksi.

2. U1 na I1. Hizi ni volti na ampea ambazo mashine inavuta ukutani. Mpelekeeni fundi umeme namba hizo kabla ya kulipa.

3. Herufi IP. IP21 maana yake mashine inavumilia matone yanayodondoka kutoka juu tu. IP23 inavumilia hata mvua ya kupulizwa na upepo. Hata hivyo, hakuna mashine ya kuchomelea ambayo fundi anapaswa kuitumia mvuani au akisimama kwenye maji.

4. Uzito. Mashine za zamani zenye nyaya nzito za shaba zinadumu sana, lakini nyingi hubebwa na watu wawili. Mashine za kisasa zinazoitwa inveta zina kilo chache, nyingi chini ya 15, na hutumia umeme kidogo zaidi. Kwa familia ambayo imeshahama mara mbili au tatu, uzito ni jambo la kufikiria. Lakini inveta haipendi vumbi la chuma. Msisage chuma karibu na matundu yake ya hewa.

Mambo matatu mengine hayako kwenye kibao. Fungueni mlango wa mashine mtazame. Kwanza, je, nyaya za chanya na hasi zinaweza kubadilishwa nafasi? Waya wa kawaida na gesi unataka mkono wa kuchomelea uwe upande wa chanya. Waya wa unga usiotumia gesi kwa kawaida unataka uwe upande wa hasi. Mashine isiyobadilishwa itawafunga kwenye aina moja ya waya. Pili, inapokea roli ya kilo 5, au ya kilo 1 tu? Roli ndogo ni ghali kwa kilo na huisha upesi. Waya wa milimita 0,8 ukienda mita 6 kwa dakika, unatumia karibu kilo 1,4 kwa saa ya moto. Tatu, je, inaweza kuchomelea kwa bageti pia? Siku waya ukikosekana sokoni, bageti itaokoa kazi.

Dukani: jaribuni kabla ya kulipa

Nendeni watu wawili au watatu, mmoja akiwa fundi. Bebeni vipande vya chuma vya milimita 1,5 na 3, vilivyosuguliwa hadi ving'ae. Ombeni mashine iwashwe. Sikilizeni sauti: mshono mzuri wa MIG unalia kama mafuta yanayokaanga kwenye sufuria. Ikikatikakatika, waya haupiti vizuri au umeme hautoshi.

Kisha vunjeni kazi yenu wenyewe. Unganisheni vipande viwili kwa pembe, mbaneni kimoja, mpige kingine kwa nyundo mpaka kikunjike. MIG ina udanganyifu wake: mshono unaweza kupendeza juu na kumbe haukushika chini, hasa kwenye chuma kinene. Mshono ukibanduka kama gundi kavu, msilaumu mashine haraka. Ongezeni nguvu, mjaribu tena. Ukiendelea kubanduka, mashine hiyo haitoshi kwa kazi yenu. Kiti kikivunjika mtu ataanguka. Ngazi au pikipiki ikivunjika mtu anaweza kufa.

Ulizeni vipuri: ncha za shaba ambamo waya hutokea, vikombe vya gesi, na magurudumu ya kusukuma waya. Kama muuzaji hana hata ncha ya milimita 0,8, tafuteni duka lingine. Mashine iliyotumika si mbaya, lakini lazima mwione ikifanya kazi kwa dakika 10, na risiti iandikwe kwa jina la kikundi.

Bei nzima

Bei ya mashine si bei ya karakana. Andikeni pia: maski mbili zenye kioo cha giza namba 10 au 11, glavu za ngozi, viatu vilivyofunika miguu, waya, mtungi na regyuleta yake kama mnatumia gesi, mashine ya kukata na kusaga chuma pamoja na miwani yake, kebo, na ndoo za mchanga. Tunashauri msitumie zaidi ya nusu ya akiba kwa mashine yenyewe. Mashine nzuri isiyo na maski itawapa macho mekundu, na mashine isiyo na waya itakuwa kiti cha kuku.

Usalama nyumbani

Goma na miji mingine, nyumba nyingi ni za mbao. Mahali pengine familia bado ziko chini ya mabashi ya plastiki. Cheche huruka mita nyingi. Kwa hiyo:

- Chomeleeni mbali na mbao, mabashi, magodoro na mafuta. Mtu mmoja abaki akitazama kwa nusu saa baada ya kazi.
- Msichomelee pipa au tangi lililokuwa na petroli, mazutu au pombe kali, hata kama limekaa tupu miezi mingi. Mvuke uliobaki hulipuka.
- Bati lenye zinki hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka usiku. Ondoeni zinki kwanza, fanyieni nje, mkae upande upepo unakotoka.
- Gesi ya kuchomelea ikivuja kwenye chumba kilichofungwa, inafukuza hewa na mtu anazimia. Fungueni madirisha. Mtungi ufungwe kwa mnyororo ukutani.
- Watoto wasitazame. Mwanga unachoma macho hata kwa mtu aliyeko mbali kidogo. Wekeni pazia zito lisiloshika moto haraka.

Mashine ni ya nani?

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Mashine ya kikundi bila mapatano ni mbegu ya ugomvi. Kanuni za Uongozi za Umoja wa Mataifa kuhusu watu waliohama ndani ya nchi yao, za mwaka 1998, zinasema katika kanuni ya 22 kwamba waliohama hawabaguliwi katika haki ya kutafuta kazi kwa uhuru na kushiriki katika shughuli za uchumi. Viongozi wa kartie waijue haki hiyo. Lakini mwenyeji naye ana haki ya kulala bila kelele, na ya kuona taa yake haizimikizimiki kila fundi anapobonyeza kitufe.

Kwa hiyo kabla ya kununua, kaeni pamoja: waliohama, familia zilizowapokea, na shefu wa kartie. Andikeni kwa Kiswahili rahisi, ukurasa mmoja, mambo haya:

- Nani alitoa kiasi gani, na mashine inalala nyumbani kwa nani.
- Saa za kazi, na nani analipa bili ya umeme.
- Sehemu gani ya kila malipo inaingia kwenye sanduku la waya na vipuri.
- Wanafunzi wangapi watafundishwa, wakiwemo wasichana, na wangapi kutoka kila upande.
- Mwanachama akirudi kijijini kwao, anapewa nini.
- Tukilazimika kukimbia tena, nani anabeba mashine, na inakuwa ya nani.

Swali la mwisho linauma, lakini ni afadhali liulizwe siku ya amani kuliko usiku wa risasi.

Vikundi vinavyotaka cheti vinaweza kufikiria kuwa ushirika. Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, na sheria ya OHADA ya vyama vya ushirika, iliyopitishwa Desemba 2010, inaruhusu ushirika wa aina nyepesi kwa watu 5 tu. Hamhitaji kuwa wengi.

Kugawana si jambo geni kwetu. Bwawa la Ruzizi II limekuwa likitoa umeme kwa Kongo, Rwanda na Burundi tangu 1989, hata katika miaka ambayo majirani hawakuelewana. Kama nchi tatu zinaweza kugawana mto mmoja, kartie moja inaweza kugawana mashine moja.

Kwa ufupi

Kwa karakana nyingi za nyumbani tunazozijua, mashine ya kwanza inayofaa ni inveta ya volti 220, yenye ampea 140 hadi 160 kwenye kibao na angalau 90 kwa asilimia 60, inayotumia waya wa gesi na waya usio na gesi, inayochukua roli ya kilo 5, na yenye sehemu ya bageti. Anzeni na waya wa unga kama gesi haina uhakika. Tunzeni waya ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, maana unyevu wa ziwa na wa mvua huleta kutu, na waya wenye kutu hukwama njiani.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ni vitu gani vitano vya chuma ambavyo majirani zetu walinunua mwezi uliopita? Unene wake ni kiasi gani?
2. Volti ya kwetu saa moja jioni ni ngapi? Nani atapima?
3. Mtungi wa gesi ukiisha leo, tutaujaza wapi, na kwa siku ngapi?
4. Nani katika kartie atasumbuliwa na karakana yetu, na tumeshaongea naye?
5. Ukurasa wetu wa mapatano utasomwa na nani kwa sauti, ili hata asiyejua kusoma aelewe kabla ya kuweka kidole?